Presha Niliyomnyima Akiwa Hai

Mimi ndiye niliyeua lori la marehemu ndugu yangu, na nililiua siku ileile tuliyomzika. Nalisema hilo mwanzoni ili usisome mpaka katikati ukitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Hayupo. Kwa miaka minne nilimwacha shemeji yangu abebe lawama hiyo huku mimi nikimtazama.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za dizeli mjini Migori. Shule niliachia darasa la saba, lakini pampu haihitaji Kiingereza kingi. Inahitaji mkono mwepesi, geji nzuri na moyo wa kusema hapana. Huo moyo ndio uliokuwa sifa yangu. Wenye malori walinitukana mbele yangu na kunisifu nikiwa sipo.

Nieleze kidogo, maana bila hayo kosa langu halitaeleweka. Ndani ya pampu ya dizeli kuna presha, na kuna skrubu za kuipimia injini chakula chake. Ukizipandisha, dizeli inaingia mapema na kwa wingi, lori linapata nguvu na sauti yake inakuwa nzito. Ukizidisha, moto unaowaka juu ya pistoni unakuwa mkali kuliko chuma kinavyoweza kuvumilia. Dereva haoni moto huo. Anachoona ni mlima umelainika. Ndiyo maana kila dereva anataka aongezewe kidogo tu, na ndiyo maana watu kama mimi tupo.

Ndugu yangu, ambaye hapa nitamwita Odongo, alikuwa na lori la tani saba. Aliuza ng'ombe wote alioachiwa na baba yetu ili alinunue, tena likiwa kuukuu. Alibeba mawe ya dhahabu kutoka Masara kuyapeleka kwenye mashine za kusaga, na akitoka nyumbani kwetu, upande wa Mbita, alibeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Baadaye alipata turbo ya basi lililoanguka, tukaipachika kwenye injini yake.

Turbo husukuma hewa. Hewa ikiongezeka, injini inaweza kupokea dizeli zaidi kidogo, lakini watu hulisikia neno "zaidi" wakaziba masikio kabla ya neno "kidogo." Mimi nilifanya kazi ile kwa utaratibu. Nilifunga geji kwenye pampu, nikaacha injini ipate moto, nikazungusha skrubu unywele kwa unywele. Kisha tukapakia mawe mpaka juu, tukaenda kupanda mlima wa nyumbani, mimi nikiwa nyuma natazama moshi. Moshi wa kijivu hafifu hauna neno. Ulipoanza kuwa mweusi nilirudisha skrubu nyuma, maana moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Nikaifunga kwa waya na muhuri wa risasi, mtu asiiguse. Hapo ndipo palipokuwa salama.

Odongo hakuridhika hata mwezi mmoja.

"Wuod mama," aliniambia, ndivyo tulivyoitana, watoto wa mama mmoja. "Niongezee kidogo tu. Hii mlima ya nyumbani inaniaibisha. Jana punda imenipita."

"Hiyo punda ilikuwa imebeba tani saba?"

"Ilikuwa imebeba mzee na akanipungia mkono."

"Imetosha, Odongo."

"Wewe ni fundi ama wewe ni polisi?"

"Mimi ni mtu hataki watoto wako walale njaa."

Alicheka, akaenda zake polepole na lori lake. Alinijia hivyo miaka miwili, na miaka miwili nilimnyima. Lori halikulala njiani hata siku moja.

Kisha akashikwa na homa ya matumbo. Siku ya kumi na moja akafa. Aliacha mke, watoto watatu na lori. Shamba lilikuwa mawe matupu na ng'ombe walikwisha kugeuka kuwa lori. Chochote ambacho familia ile ingekula tangu siku hiyo kilikuwa juu ya magurudumu sita.

Sasa nije kwenye mazishi, na hapa naomba watu wa kwetu wanivumilie.

Kwetu mtu humlilia ndugu yake kwa sauti. Anaingia bomani akikimbia, anaita jina la marehemu, anamlaumu kwa kuondoka bila kuaga. Ni jambo zuri, linatoa sumu moyoni. Mimi sikujaliwa. Nililia nikiwa nimekaa nyuma ya jiko, bila sauti, na niliporudi kwa watu macho yalikuwa makavu. Siku ya pili nikawasikia akina mama wakinong'ona. Siku ya tatu hawakunong'ona tena, walisema.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba. Yeye ni mwenyekiti wa kila mazishi kijijini. Kipaza sauti kilipofika kwetu mara ya kwanza yeye ndiye aliyekipokea, na sijaona siku aliyokiachia kwa hiari yake.

Kamati ilikuwa na tatizo moja. Mwanaume mwenye heshima akifa kwetu hufanyiwa tero buru. Wanaume huswaga ng'ombe dume mbio, na matawi mkononi na kelele nyingi, mpaka nje ya mpaka wa kijiji, ili kifo kifukuzwe na kisirudi. Umri wa Odongo ulikuwa mdogo kwa heshima hiyo. Lakini Baba Mdogo aliamua kwamba mtu mwenye lori si kijana.

"Ng'ombe ziko wapi?" mzee mmoja akauliza. "Huyu aliuza zote."

"Aliuza akanunua nini?"

"Akanunua lori."

"Basi ng'ombe ziko ndani ya lori," Baba Mdogo akasema. "Lori ndiyo itafukuza kifo."

Kamati nzima ikapumua. Wengine walisema huo ndio uongozi. Mimi niliona ni upuuzi, lakini nilinyamaza, kwa sababu mtu ambaye hajalia kwa sauti hana haki ya kupinga kitu mazishini.

Asubuhi ya kuzika Baba Mdogo alinifuata nyuma ya jiko.

"Hiyo lori inapanda mlima kama mgonjwa," akasema. "Tukienda kufukuza kifo na hiyo mwendo, kifo itatungojea tufike."

"Baba Mdogo, pampu imefungwa pahali pake."

"Nani alifunga?"

"Ni mimi."

"Na nani anaweza kufungua?"

Nikaanza kuchora mchangani kwa kijiti.

"Watu wananiuliza kama umelia ndugu yako."

"Nimelia."

"Nani alisikia?" Alikaa chini kando yangu, na sauti yake ikawa ya upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Odongo alikuwa anakuomba kitu moja tu. Kijiji yote inajua. Ulimnyima akitembea. Sasa unamnyima hata akiwa ndani ya sanduku?"

Nilijua jibu la fundi. Injini haijui kama kuna msiba. Nililiweka jibu hilo mdomoni, nikalimeza, nikaenda kuchukua spana.

Nilikuwa nimekata waya na kutoa risasi shemeji alipokuja. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kuazima iliyompwaya mabegani. Kwao ni kisiwani Takawiri, na wanawake wa boma letu hawakuacha kumkumbusha kwa kumwita Nyar Takawiri, binti wa Takawiri.

"Shemeji, iko na shida?"

"Hapana. Naangalia tu."

"Jumatatu kuna mzigo Masara. Nimeongea na binamu yenu Okoth, ataendesha. Bila huo mzigo sijui nitapikia hawa watoto nini." Aliliangalia lori, halafu mikono yangu. "Iko sawa?"

"Iko sawa, shemeji."

Nilimtazama usoni nikimwambia hivyo. Geji yangu ilikuwa Migori, kwenye kabati, na hata ingekuwa mfukoni nisingeifunga. Nilizungusha robo mzunguko kwa ajili ya Baba Mdogo. Hiyo peke yake ingetosha kutoa moshi na kelele, na pengine injini ingevumilia safari ile fupi. Robo ya pili niliizungusha kwa ajili yangu. Nilitaka watu wasikie jinsi nilivyompenda ndugu yangu, na kwa kuwa koo langu lilikataa, nikaikabidhi kazi hiyo injini.

Tulimzika saa saba. Saa tisa wanaume kama thelathini walipanda lori, wakalifunika matawi mpaka likawa kichaka chenye taa. Okoth alikaa kwenye usukani akiwa amejifunga majani kichwani. Baba Mdogo akatangaza kwamba kifo kijiandae.

Okoth akawasha. Nakiri kwamba sauti ile ilinipendeza. Ilikuwa nzito, ikatetemesha mabati ya nyumba na sufuria za wapishi. Watu wakapiga kelele za furaha. Kisha akakanyaga mafuta, na moshi ukatoka. Sijawahi kuona moshi kama ule katika kazi yangu, na nilikuwa nimeutengeneza mimi. Kwaya ya kanisa ilikuwa imesimama kando ya njia kwa majoho meupe, imepanga kuimba lori likipita. Iliimba mstari mmoja, ikapotea. Tulipoiona tena ilikuwa ya kijivu, na mchungaji alikuwa ameinama akikohoa huku akishikilia miwani. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja mzee alinishika mkono akaniambia, "Leo umemlilia." Machozi yalinitoka mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Lori lilipanda mlima ule likikimbia. Mlima uliokuwa ukimwaibisha Odongo ulipandwa kwa gia ya tatu, wanaume wakipiga bodi kwa fimbo na kutukana kifo kwa majina ya mama zake.

Walipofika nusu nikasikia injini ikigonga. Ni sauti ngumu, kavu, kama nyundo ndogo ndani ya pipa. Katika watu wote waliokuwa pale, ni mimi tu niliyeijua. Ningeweza kukimbia. Ningeweza kupiga kelele, na siku hiyo kelele za mtu yeyote zingesikika kama kilio, lakini kuna waliosimama kando ya njia mlimani kule ambao wangempungia Okoth asimame. Sikukimbia. Nilikuwa bado nimeshikwa mkono na yule mama, na ilikuwa tamu kuonekana mtu mwenye uchungu. Nikajiambia itavumilia mpaka juu.

Haikuvumilia. Mlio ukawa mmoja mkubwa, moshi ukageuka mweupe, kisha kimya. Lori likaanza kurudi nyuma taratibu, Okoth akalishika kwa breki, wanaume wakaruka chini kama panzi. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Wale thelathini waliokwenda kufukuza kifo walirudi wakisukuma lori tangu chini ya mlima. Waliendelea kuimba, lakini kwa pumzi za vipande.

Okoth aliniambia, "Imezima yenyewe. Sijaguza kitu."

Kabla sijafungua mdomo, kipaza sauti kilikwisha kukohoa. "Ndugu zangu," Baba Mdogo akasema, "msisumbue fundi. Marehemu amechukua lori yake."

Watu wakaguna kwa kukubali. Lilikuwa jambo lililoeleweka haraka kuliko pampu.

Kesho yake nilifungua injini peke yangu. Pistoni mbili zilikuwa zimetoboka katikati, unapitisha kidole. Mkono wa pistoni mojawapo ulikuwa umevunjika na kutoboa bloki ya injini ubavuni. Pistoni hununuliwa. Bloki ya injini ya aina ile, kuukuu vile, hutaipata Migori wala Kisumu. Kamati ilikuja ikasimama nyuma yangu ikiuliza nimeona nini.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," nikasema.

Ilikuwa kweli. Nimelelewa kutosema uongo, na siku hiyo niligundua kwamba mtu anaweza kudanganya kijiji kizima bila kusema uongo hata mmoja.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, tumlaumu maiti, naye hana cha kupoteza. Lakini wazee wakikaa na jambo hawaliachi jinsi lilivyo. Wakaulizana kwa nini marehemu awachukulie watoto wake mwenyewe chakula. Lazima amekasirishwa. Na nani? Ndipo mtu akakumbuka kwamba mjane alikuwa ameongea na Okoth juu ya mzigo wa Jumatatu kabla ya mazishi.

"Kaburi haijakauka, yeye anapanga safari," Baba Mdogo akasema. "Nyar Takawiri, ulikuwa unangojea huyu mtu afe?"

Shemeji alisema, "Nilikuwa nangojea watoto wale."

Hiyo ikahesabiwa kuwa kiburi. Akaamriwa atoe kondoo wa kumtakasa, naye hakuwa na kondoo, ikabidi aombe kwa kaka zake. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na mikono yangu bado ilinuka dizeli. Sikusema neno. Walisema ninaomboleza.

Kulikuwa na wanaume wawili wa ukoo ambao tangu Odongo aanze kuumwa walikuwa wakimletea shemeji sukari na mafuta ya taa, kila mmoja kwa wakati wake, wakimwambia asiogope, mjane wa kwetu haachwi peke yake. Baada ya bloki kutoboka, sukari ilikoma wiki hiyohiyo. Mmoja alisema amekumbuka ana mke. Ikaonekana walitaka kurithi lori, na mjane alikuwa njia tu ya kulifikia.

Shemeji akahamisha watoto kwenda kwao kisiwani. Binti mkubwa aliacha shule darasa la saba, palepale nilipoachia mimi, na alikuwa na akili ambayo mimi sikuwa nayo.

Na mimi, ungependa nikuambie kwamba niliharibikiwa. Hapana. Nilipata wateja. Habari za lori lililonguruma mpaka mwenyewe akarudi kulichukua zilifika Migori kabla yangu. Wenye malori walikuja, wengine kutoka mbali, wakinong'ona dirishani, "Fundi, tuwekee ile presha ya ile siku." Niliwawekea ya salama, nikawaambia ndiyo hiyo. Walienda wamefurahi, na malori yao hayakufa, na sifa yangu ikakua juu ya jambo ambalo sikuwafanyia.

Mwaka wa nne nikashindwa kulala vizuri. Nikaenda Mbita, nikavuka kwenda Takawiri. Nilimkuta shemeji akigeuza omena juu ya nyavu mchangani. Hakuacha kazi.

"Karibu, shemeji. Umepotea."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Waya, skrubu, robo ya kwanza, robo ya pili, ile sauti niliyoisikia nikanyamaza. Aligeuza omena mpaka mwisho wa wavu, kisha akanyoosha mgongo.

"Nilikuuliza kama iko sawa."

"Uliniuliza."

"Ukasema iko sawa."

"Nilisema."

"Kuna siku niliamini ni mimi," akasema. "Nilikuwa naamka nauliza Odongo, ni nini nilikufanyia?"

Nikamwambia nitamtafutia injini nyingine hata ikinichukua miaka. Akatikisa kichwa.

"Injini utaleta ukiweza, hiyo ni ya watoto. Mimi nataka urudi pale walinitoza kondoo, useme mbele yao vile umesema hapa. Hapa hakuna mtu. Hapa unaambia omena."

Nikarudi. Mazishi yaliyofuata kijijini, wakati wa ndugu na jamaa kusema machache, nilisimama, nikapewa kipaza sauti, nikasema, "Lori la Odongo halikuchukuliwa na mtu. Mimi nilipandisha presha ya pampu kupita kiasi, pistoni zikayeyuka. Shemeji yangu hana kosa." Mkono wa Baba Mdogo ulifika kabla sijamaliza. "Ndugu yetu bado ana uchungu," akawaambia watu. "Aliyekufa alikuwa wa mama yake. Mumpatie soda." Nikapewa soda, tena baridi. Mzee mmoja akanipigapiga mgongo akasema yote yatapita, na kwamba maneno ya gereji hayawezi kueleza mambo ya wafu.

Kwa hivyo nimeandika hapa.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, alama uliyoiweka ukiwa na akili timamu usiisogeze kwa sababu watu wanalia, na zaidi usiisogeze kwa sababu wewe mwenyewe unalia. Kama lazima kelele itoke, toa kwa mdomo wako. Itakuaibisha nusu saa. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla ukweli wako haujatafutiwa mtu mwingine wa kuubeba. Nakuapia utaukuta mzito kuliko ulivyouacha.

Jina langu sikuandika, maana likiandikwa langu na la shemeji litajulikana na watu wasiomhusu. Watu wa kwetu hawahitaji jina. Wanalijua lori. Tena watu wa kwetu, ukiwaambia kitu kwa mdomo watakupa soda, lakini kikipigwa chapa gazetini hukisoma wakiwa wamevua kofia.

Gazeti hili likitoka nitanunua nakala kumi. Kijijini hapakosi mazishi Jumamosi. Sitaomba kipaza sauti. Nitazigawa kuanzia kiti cha nyuma, na ya mwisho nitaipeleka Takawiri.